Hotuba ya Meya Dzurko Siku ya Kumfunua Mzee Oldershaw

Mheshimiwa Mwakilishi wa Gavana wa Pennsylvania, ambaye hakuweza kufika lakini kiti chake kipo pale mbele na kinaonekana, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kuratibu Kamati, waheshimiwa madiwani wote wanne, pamoja na yule wa tano aliyelazwa, Afande Mkuu wa Zimamoto, mwenye ukumbi huu tuliomo, Baba Paroko, Mkurugenzi Mtendaji wa Bodi ya Mpito ya Kituo, ambaye ni mimi, Katibu wa Bodi hiyo, ambaye ni mke wangu, Mshauri Mwelekezi kutoka Filadelfia, aliyeomba jina lake lisitajwe, wazee wetu wachimbaji, pamoja na vifua vyenu, wajane wetu watukufu, wana-Oldershaw wenzangu, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa.

(Makofi ya watu watatu. Wawili wanafanya kazi ofisini kwake, wa tatu alikuwa anakung'uta unga mikononi.)

Mimi, Leonard Mihal Dzurko, Meya wenu kwa muhula wa tatu mfululizo bila mpinzani mwenye afya, nasimama mbele yenu siku ya leo nikiwa nimejawa na bashasha isiyo kifani, kwa sababu katika utekelezaji wa majukumu yangu, na kwa kuzingatia dira, dhima na malengo mahsusi ya halmashauri yetu, nimeweza, nasema nimeweza, na wale wanaotaka kusema "tumeweza" nawaruhusu, kusimamia mchakato wa kumuenzi mtu aliyeujenga mji huu kwa mikono yake mwenyewe, marehemu Mzee Phineas Oldershaw, mwenye reli, mwenye mashimo ya makaa, mwenye jina ambalo sote tunaliandika nyuma ya bahasha zetu.

(Kwa mikono yake mwenyewe! Picha yake ipo ukutani pale benki, na amevaa glavu. Na huyu anayehutubia ni Lenny, mtoto wa Hanya wa Mtaa wa Juu, aliyelia siku ya kwanza ya shule mpaka akawatapikia wenzake. Leo anasema "dhima". Nyuma yake kuna kitu kimesimamishwa juu ya meza, kimefunikwa shuka la kijani. Sisi wanawake tuko nyuma ya ukumbi kwenye makarai tunakaanga chapati za viazi, maana Lenny anajua fika kwamba mji huu hauji kusikiliza hotuba. Unakuja kula chapati.)

Ndugu zangu, kabla sijaingia kwenye kiini cha hotuba, naomba niingie kwenye utangulizi.

("Vipande vyetu viko wapi, Lenny?" Huyo ni Paraska Hudock, kasimama na mwiko mkononi, mafuta yanadondoka sakafuni.)

Swali zuri sana hilo, bibi yangu. Ni swali la kimkakati. Nimelipokea kwa mikono miwili na litajibiwa katika kipengele chake husika.

(Basi na mimi niweke kipengele changu hapa, kwa ajili ya wageni. Kila mchimbaji wa Shimo Namba Nne alikuwa na kipande cha shaba, duara, chenye namba yake. Akishuka, anakitundika kwenye msumari. Akipanda, anakichukua kwa mkono wake mwenyewe, wala si kwa mkono wa rafiki au wa msimamizi. Kipande kikibaki msumarini, mtu yuko chini. Machi ya mwaka arobaini na moja maji yaliingia shimoni, na jioni ile vilibaki vipande thelathini na kimoja. Hakuna mwili hata mmoja uliopanda. Kampuni ikaziba mdomo wa shimo kwa zege, ikasema poleni. Sisi hatuna makaburi, tuna misumari. Ubao ule tuliuhamishia humu ukumbini, na kila Jumamosi kwa miaka arobaini na miwili tulivisugua vipande kwa siki na majivu, palepale vilipotundikwa, bila kukitoa hata kimoja, kwa kuwa anayekitoa ni mwenyewe tu. Mwiko huo tuliuvunja mara moja. Miaka mitatu iliyopita Lenny alikuja na karatasi yenye muhuri, pamoja na mkate wa njugu aliouoka mama yake, akasema anavitaka kwa ajili ya jumba la makumbusho. Tukavitoa wenyewe, kwa vidole vyetu. Sitamlaumu Lenny peke yake. Mkate ule tuliula.)

Nikirejea kwa Mzee Oldershaw. Mtu huyu, ndugu zangu, alifika kwenye bonde hili akiwa na punda mmoja na maono. Hapakuwa na kitu! Palikuwa na miti, mto, samaki na hewa safi, basi. Yeye akaleta maendeleo. Akatandika reli maili sabini kutoka hapa hadi kwenye maji makubwa, akajenga nyumba mia mbili, kila nyumba familia mbili, ukuta mmoja katikati, ili kukuza ujirani mwema. Akajenga zizi la kisasa la punda wa shimoni, lenye daktari wake wa kudumu, jambo ambalo kwa wakati ule lilikuwa ni ubunifu wa hali ya juu katika sekta ya ustawi.

("Ustawi wa nani?" akauliza Mzee Evan Pritchard, aliyekuwa mtunza taa wa shimo, kifua chake kikipiga filimbi. "Punda akifa palikuwa na uchunguzi na ripoti. Mtu akifa walimleta na gari jeusi wakamlaza barazani kwake, wakagonga mlango, wakaondoka kabla mke hajafungua!" Watu wakacheka kile kicheko chetu, cha kikohozi katikati.)

Tupunguze mihemko, Mzee Evan, leo ni siku ya furaha. Ninachotaka kusema, na hapa nawaomba waandishi wa habari waandike, yule mmoja aliyekuja, ni kwamba sifa kuu ya Mzee Oldershaw ilikuwa ni kutotambua mipaka. Ramani ilipomwambia hapa ndipo mwisho wa ardhi yako, yeye alisema songa mbele! Mto ulipomwambia simama, yeye alisema tupite chini yake! Watu wadogo hufuata mistari, ndugu zangu. Watu wakubwa huivuka mistari, tena kimyakimya, bila kujitangaza, kwa unyenyekevu.

(Watu wakaacha kutafuna. Hata makarai niliyasikia. Lenny alidhani tumeguswa.

Tuliguswa, ndiyo. Mzee Oldershaw alichimba kupita mpaka wake, chini ya mto, kwenye makaa ya watu wengine, na kwa kuwa ulikuwa wizi hakuuchora kwenye ramani. Makaa yalipokwisha akatoka, maji yakaingia, yakakaa humo gizani yakingoja. Yeye akafa kitandani, shuka safi, na maua kutoka Filadelfia. Miaka sitini baadaye Vasil wa Paraska na wenzake thelathini wakawa wanachimba wakiifuata ramani, kama watu wenye adabu, na ramani ikawaambia mbele yenu ni mwamba mtupu. Wakagonga. Haukuwa mwamba.)

("Ukuta kati yao na maji ulikuwa futi tatu!" akasema Evan Pritchard. "Futi tatu, Lenny! Mimi ndiye niliyewapa taa asubuhi ile. Babu yako alinitania, akasema hii yangu inanuka, nipe nyingine.")

Nashukuru kwa mchango huo wa kitaalamu kuhusu futi. Tutauingiza kwenye kumbukumbu.

Sasa, ndugu wadau, naomba nijielekeze kwenye mradi wenyewe, yaani Kituo Jumuishi cha Urithi wa Reli, Makaa na Fursa cha Phineas Oldershaw, ambacho mimi kwa upendo nakiita Kituo. Upembuzi yakinifu ulifanyika. Upembuzi wa upembuzi nao ulifanyika, kwa kuwa wa kwanza haukuwa na majibu tuliyoyatarajia. Bodi ilifanya ziara ya mafunzo Florida kwa siku kumi na moja, ambako, kama mnavyojua, hakuna milima, hakuna makaa na hakuna baridi, jambo lililotusaidia sana kulinganisha. Tulibaini kwamba watalii laki nne watakuja Oldershaw kila mwaka, sawa na watalii elfu moja na tisini na tano kwa siku, Krismasi ikiwemo, na kwamba asilimia themanini na tisa ya watalii hao wataondoka wakiwa wameridhika, na asilimia ishirini na mbili wataondoka wakiwa wameridhika sana.

(Mke wake akapiga makofi. Aliungua jua huko Florida, pua ilikuwa bado inabanduka.)

Kutakuwa na treni ya moshi, ya abiria, itakayowapandisha wageni kutoka bondeni hadi mdomo wa Shimo Namba Nne. Najua kuna watu wa kuvunja moyo wanaosema kwamba reli yenyewe iling'olewa miaka kumi iliyopita ikauzwa chuma chakavu. Nawajibu kwamba tumejipanga. Treni kwa sasa ipo katika hatua ya dhana, na treni iliyo katika hatua ya dhana, ndugu zangu, haihitaji reli.

("Wala tiketi!" akasema mtu wa mezani. "Basi mimi nimeshapanda, nipo njiani narudi," akajibu mwenzake mdomo umejaa chapati.)

Furahini, furahini, hiyo ndiyo hamasa tunayoitaka. Na moyo wa Kituo, kiini cha kiini, utakuwa Ukumbi wa Kumbukumbu Endelevu, wenye ubao wa mwaloni, misumari thelathini na mmoja iliyotengenezwa kwa viwango vya kimataifa, na taa maalumu ya kuangaza kila msumari, ili vizazi na vizazi...

("Viko wapi?" Paraska tena. Safari hii hakupaza sauti. Ameweka mwiko chini, amekuja mpaka katikati ya meza. "Mimi sitaki taa maalumu. Nataka namba mia moja na kumi na nane. Daktari ameniambia mwaka huu nisipande kabichi. Unaelewa maana yake, mwanangu? Nina kiwanja changu makaburini, jiwe lipo, jina la Vasil lipo, chini yake hakuna kitu. Nataka kipande chake waniwekee mkononi nitakapolala pale. Basi. Sikuombi treni.")

(Lenny akanywa maji. Akatafuta ukurasa. Nampa haki yake: masikio yalimwiva.)

Bibi Paraska, mimi pia ni mhanga katika jambo hili. Babu yangu Mihal Dzurko alikuwemo. Namba mia mbili na sita. Kwa hiyo hakuna mtu katika mji huu anayeweza kunifundisha mimi uchungu, kwa sababu mimi uchungu nimeusomea, nimeuishi, na nimeuandikia taarifa ya kurasa arobaini.

("Bibi yako hakuandika kurasa," nikamwambia mimi kutoka kwenye karai. "Bibi yako alikisugua mia mbili na sita kila Jumamosi mpaka namba ikaanza kufutika, na akafa na majivu kwenye kucha. Jibu ulichoulizwa!")

Linajibiwa, linajibiwa, shangazi, tunalifikia. Uongozi ni subira. Mimi sikulala kwa ajili ya Kituo hiki. Nimekonda. Nimehudhuria vikao mia moja na arobaini, na katika vikao mia moja na thelathini na nane nilikuwa mwenyekiti, na katika viwili vilivyobaki nilikuwa ajenda. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nilipoambiwa hakuna kiwanja, nilisema kiwanja ni mtazamo. Nilipoambiwa hakuna paa, nilisema kwani Mzee Oldershaw alianza na paa? Naomba tusimame. Naomba sote tusimame, tupaze sauti zetu, bonde lisikie! Oldershaw juu!

("Juu," wakasema wa ofisini. "Na walio chini je?" akauliza Evan Pritchard.)

Jana tulichimba makaa, leo tunachimba fursa!

("Zege hilo utalitoboa na nini?")

Umoja! Reli! Urithi!

(Mtu wa mezani akaomba siki.)

Na sasa, kwa mamlaka niliyopewa na niliyojiongezea, nafunua!

(Akavuta shuka. Likanasa. Akavuta tena, mke akamsaidia, likachanika. Alikuwa Mzee Oldershaw, kichwa na mabega, vya saruji iliyopakwa rangi ya dhahabu ya kopo, ile ya kupaka magurudumu. Macho hayalingani. Shingo kama ya fahali. Lakini masharubu, nyusi na vifungo vitatu vya koti havikuwa rangi. Vilikuwa shaba ya kweli, nzito, inayong'aa kama kitu kilichosuguliwa miaka mingi. Sisi wanawake tunaijua shaba. Paraska akashika ukingo wa meza.)

Asanteni, asanteni. Naona mmepigwa na butwaa, nami nilipigwa vilevile. Sasa naomba nihitimishe kwa shukrani, kama ilivyo ada ya kiongozi mstaarabu. Namshukuru fundi, ambaye ni shemeji yangu. Namshukuru Mshauri Mwelekezi, ambaye wiki iliyopita ametuandikia barua ya kutufahamisha, kwa lugha nzuri sana, kwamba Kituo hakikuwahi kusajiliwa, hakina kiwanja, hakina kibali, na kwamba kile tulichokiita Bodi ya Mpito, kwa tafsiri sahihi ya sheria, ni mimi na mke wangu tukiwa mezani kwetu. Nami nichukue nafasi hii kuipongeza Bodi kwa kupokea taarifa hizo kwa utulivu. Na kwa namna ya pekee kabisa nazishukuru familia thelathini na moja, ambazo kwa moyo wa uzalendo zilichangia malighafi. Shaba ilikuwa adimu sokoni. Vilipoyeyushwa vile... zilipounganishwa zile rasilimali, zilitosha masharubu, nyusi na vifungo, na hakuna hata chembe iliyopotea, nilisimamia mwenyewe. Kwa mujibu wa fundi, babu yangu yupo upande wa kushoto wa sharubu. Nawashukuru sana kwa kunisikiliza. Chapati zipo.

(Mimi nilitaka kupiga kelele, nilikuwa na karai la mafuta mkononi na nia mbaya, lakini Paraska alikwisha kupita. Akapanda jukwaani polepole, mkono kwenye goti. Akamtazama Mzee Oldershaw usoni, kwa karibu, kama mtu anayetafuta mtu kwenye dirisha la treni.

"Vasil yuko upande gani?"

"Bibi, kitaalamu haiwezekani kujua, vilichanganyika vyote..."

"Evan," akaita, "yanang'oka haya?"

Evan Pritchard akaja, akayagusa masharubu kwa kidole. "Yamemwagwa juu ya vyuma. Ukiyang'oa yatavunjika vipande vipande."

"Basi hapana. Tusiwavunje mara mbili." Akavua kitambaa cha kichwani, nywele nyeupe zikamwagika mbele ya watu, mwanamke asiyewahi kukivua hata mbele ya daktari. Akamfunga nacho Oldershaw machoni, akaacha yale masharubu wazi. "Baba Paroko, vaa. Tunakwenda makaburini."

"Kumzika nani, mama?"

"Nitakusomea majina njiani. Ninayo yote. Lenny, acha hicho kipaza sauti, shika upande wa kushoto."

"Bibi Paraska, hiki ni mali ya halmashauri..."

"Shika, mtoto wa Hanya. Babu yako yumo. Unataka abebwe na watu baki?"

Akashika. Sijui kama alikuwa analia au ni jasho, na sikumuuliza. Mtu akishakuwa meya ajifutie mwenyewe. Wanne walikibeba, Lenny mbele kushoto, suti imejaa rangi ya dhahabu, na mji mzima ukaacha chapati mezani ukafuata nyuma, mchana kweupe, tukipanda njia ya makaburi. Paraska akasoma majina. Alipofika la Mihal Dzurko, Lenny akajikwaa, lakini hakuangusha.

Kaburi lilikuwa tatizo. Hakuna kiwanja cha bure kule juu, na karani wa makaburi akasema bila kibali haiwezekani. Paraska akamwonyesha jiwe lake. "Chimbeni hapa. Kwenye kiwanja changu. Chimbeni shimo refu, na mimi mnipe nafasi juu."

"Lakini mama," Baba Paroko akanong'ona, "utalala na Oldershaw milele?"

"Nitalala na Vasil," akasema Paraska. "Oldershaw atakuwa chini yangu. Miaka yote hiyo yeye alikuwa juu. Sasa ni zamu yake kukaa chini.")